Sauti Iliyosimama Nyuma

Mwesiga alijifunza kuchanganya muziki wa jazz kutoka kwa mzungu mwenye upara ambaye hakujua kwamba kijiji cha Kamuli kipo. Mzungu huyo aliishi ndani ya simu. Kila bando lilipopatikana alitokea, akavaa miwani, akaeleza kwa upole namna ya kuweka maikrofoni mbele ya saksafoni, namna ya kuiacha besi ipumue, na kwa nini mtu asiongeze mwangwi mahali ambapo chumba kina mwangwi wake tayari. Mwesiga hakuwa na saksafoni. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya ghala la kahawa, kompyuta ambayo kibodi yake ilishapoteza herufi kadhaa, maikrofoni mbili, na wateja ambao wote walikuwa kwaya. Kwaya hizo, kuanzia Kamuli mpaka Kimuli, ziliamini kwamba wimbo mzuri ni ule ambao kila mwimbaji anasikika kuliko mwenzake.

Jazz ilimjia kwa njia ya ndoa. Mama mkwe wake, Kokubanza wa Chonyonyo, aliwahi kuwa mwimbaji wa bendi iliyojiita Chonyonyo Jazz, akiwa msichana. Inafaa kueleza kwamba kwa wazee wa huku jazz si kile alichokuwa anafundisha yule mzungu. Ni bendi yoyote iliyokuwa na magitaa matatu, suti za rangi moja na ugomvi wa ndani kwa ndani. Mwesiga aliijua tofauti hiyo, lakini aliendelea na masomo kwa hoja kwamba besi ni besi.

Bendi ile haikuwahi kurekodiwa. Gari lililoahidiwa kuwapeleka mjini lilichukuliwa kwa ajili ya vita vya Kagera. Vita vilipokwisha gari halikurudi, wala mpiga tarumbeta hakurudi. Waliobaki wakaoa, wakaolewa, wakazeeka, wakaanza kufa kwa zamu, hadi wakabaki wawili: Kokubanza, ambaye sasa aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika, na Cassian, mpiga gitaa la solo, ambaye alisema hajaokoka kwa sababu vidole vyake bado vina kazi.

Wazo la kumrekodi Kokubanza lilikuwa la binti yake, Benitha, mke wa Mwesiga. Benitha alikuwa fundi cherehani. Alikua akimwitikia mama yake kwenye kibanja, mama akipogoa migomba na mtoto akiokota majani, na nyimbo zote za bendi alizijua kutokea upande wa kiitikio.

"Mrekodi mama kabla hajafa," alimwambia mumewe.

Hoja ilikuwa nzuri. Ilikosea mtu tu.

Tatizo lilikuwa heshima. Huku kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja wao hugundua ghafla kwamba ana shughuli shambani. Wapo waliolegeza siku hizi, hasa walimu na watu waliosafiri. Kokubanza hakulegeza. Kwa miaka yote ya ndoa ile, alichokijua Mwesiga kuhusu mama mkwe wake kilikuwa kisogo chake, kitenge chake kikipotea nyuma ya migomba, na sifa zake za mapishi. Studio ilikuwa na chumba kimoja. Kwa hiyo Mwesiga alibeba kompyuta akaiweka kibarazani, akapitisha nyaya chini ya mlango, akaufunga mlango, akavaa hedfoni.

Magitaa, besi na ngoma vilikuwa vimerekodiwa wiki iliyotangulia, Cassian kwenye solo na vijana wa kwaya kwenye vilivyobaki. Zilibaki sauti. Yule mzungu alifundisha kwamba kila mwimbaji apewe maikrofoni yake, ili baadaye kila sauti iweze kupandishwa na kushushwa bila kumgusa mwenzake. Mwesiga aliziweka mbili kabla wanawake hawajaingia: ya mama mbele, ya Benitha hatua chache nyuma, kwa kuwa binti hasimami mbele ya mama yake akampigia kelele usoni.

"Benitha," ilisema sauti ya Kokubanza ndani ya masikio ya Mwesiga, karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kusema naye, "muulize mumeo kama yuko tayari."

Benitha akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Mama anauliza kama uko tayari!"

"Mwambie tayari."

"Anasema tayari, mama."

"Nimemsikia. Mwambie nimemsikia."

Mila ilikuwa imekataza chumba, mkono na sahani. Kuhusu hedfoni mila ilikuwa haijakaa kikao. Mwesiga alimsikia mama mkwe wake akimeza mate, akasikia pete yake ikigonga kwenye kikombe, akaona haya, na akaendelea kusikiliza.

Wimbo ulikuwa wa mwanamke anayemlalamikia mnunuzi wa kahawa aliyeahidi kumwoa. Kila akiulizwa lini, mnunuzi hujibu kesho. Kokubanza aliubeba ubeti, na neno hilo la kesho likaitikiwa na Benitha kutoka nyuma. Waliimba mara moja, na Mwesiga akaganda. Maikrofoni ya mama ilikuwa safi. Ya Benitha ilitoa sauti kama ya mtu anayeimba ndani ya godoro.

Benitha akatoka kuchukua maji, ameziba kicheko kwa mkono.

"Mama ametundika shali yake kwenye maikrofoni yangu," alinong'ona. "Ile nene ya sufi. Kaona chuma kimesimama peke yake, akadhani ni cha kutundikia nguo."

"Mwambie aitoe."

"Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Si wewe unayetaka itoke? Niende nikamwambie, mama, mkwe wako hataki shali yako ikae hapo?"

"Itoe wewe basi, kimya kimya."

"Nimtolee mama shali aliyoiweka mwenyewe, ndani ya nyumba ya mkwe wake? Atauliza kwa nini. Nitamjibu nini? Ataona aibu, hatarudi tena hapa." Akanywa maji, akamtazama. "Mume wangu, si wewe unasema kompyuta inarekebisha kila kitu?"

Mkwe hazungumzii nguo ya mama mkwe wake, iwe imevaliwa au imetundikwa. Hilo Mwesiga alilijua bila kufundishwa na mzungu yeyote.

"Rudi mkaimbe," alisema. "Nitarekebisha kwenye kuchanganya."

Yule mzungu alikuwa na somo zima kuhusu sentensi hiyo. Mwesiga alikuwa amelianza, bando likaisha.

Waliimba mpaka mchana. Kokubanza alirudi Chonyonyo na shali yake begani, ameridhika, akituma salamu kwa mkwe kupitia kwa binti yake, na mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa ghala akisubiri apite.

Benitha alikufa kabla kahawa haijaiva, kwa ugonjwa ambao daktari aliutaja kwa jina refu na majirani kwa jina fupi. Alizikwa pembeni mwa kibanja cha Mwesiga. Kokubanza alikaa ndani na wanawake, Mwesiga akakaa nje na wanaume, na kati yao palikuwa na mlango na watu wengi wenye huruma. Hawakusemezana. Aliyekuwa akipeleka maneno yao ndiye aliyekuwa amelala pale wanapomlilia.

Kwa muda mrefu Mwesiga hakuufungua wimbo ule. Alirekodi kwaya. Kwaya zikamwambia Mungu ana mpango, naye akawaomba wasogee mbali kidogo na maikrofoni.

Kisha Cassian akaja na bodaboda kutoka Chonyonyo, gitaa mgongoni ingawa hakuna aliyemwomba apige, akaketi kibarazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, prodyuza. Nimetumwa." Akasafisha koo kama mshenga. "Kokubanza anataka sauti ya mwanae. Peke yake. Anasema yeye mwenyewe umwondoe."

"Haiwezekani, mzee."

"Nimemwambia hivyo. Kasema wewe una kompyuta."

Mwesiga alikuwa na jumbe za sauti za Benitha kwenye simu. Hazikuwa nyingi. Katika mmoja aliulizia chumvi, katika mwingine aliuliza uko wapi, na katika mrefu kuliko yote alimlalamikia mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kushonewa. Mwesiga akamrushia Cassian zote, ampelekee. Baada ya siku chache jibu likaja.

"Amesikiliza," alisema Cassian. "Amesema hiyo ni sauti ya mke wa mtu. Anataka ya mwanawe, ile ya kuitikia."

Ndipo Mwesiga alipoanza kujifunza kweli. Yote aliyofanya huko nyuma yalikuwa kucheza na vitufe. Alifungua wimbo, akashusha magitaa, akashusha besi, akabaki na wanawake wawili. Kwenye maikrofoni ya mbele mama alikuwa karibu, na binti alikuwa mbali, kama mtu anayeitika kutoka ng'ambo ya bonde. Kwenye maikrofoni ya nyuma shali ilikuwa imemeza kila kitu chenye makali. Herufi zote zilikuwa zimebaki kwenye sufi, na kilichopita kilikuwa mvumo tu, wa wote wawili. Alimpandisha binti, mama akapanda naye. Alimshusha mama, binti akazama kwanza. Alipata programu inayotenganisha waimbaji na vyombo, na kwa magitaa ilifanya kazi kama muujiza, lakini ilipofika kwa wanawake wale wawili ikawaona ikasema ni mmoja. Huwezi kuilaumu. Walikuwa damu moja, mmoja alijifunza kuimba kwenye koo la mwenzake.

Mzungu mwenye upara aliendelea kutoa masomo. Katika somo moja alichukua mlio, akatengeneza nakala yake, akaipindua nakala hiyo ili kila palipopanda pashuke, akavicheza vyote viwili pamoja. Kukawa kimya. Viwili vilikuwa vimelana. Mwesiga alijaribu kwa sauti yake mwenyewe akihesabu moja mbili tatu. Akaipindua. Kimya. Alisimama akazunguka ghala la kahawa.

Alipomweleza Cassian, mzee aliweka gitaa chini.

"Hebu nielewe. Unataka Kokubanza aje aimbe tena, sawasawa na siku ile, ili umpindue?"

"Ndiyo."

"Na ukishampindua?"

"Anafutika. Anabaki Benitha."

"Na mimi nikamwambie hivyo? Mama, njoo uimbe ufutwe?"

"Mwambie hivyo hivyo, mzee."

Cassian alikwenda akiandaa maneno ya kulainisha. Hakuyahitaji. Kokubanza alikubali kabla hajamaliza kueleza, na akauliza tu kama aje na nguo alizovaa siku ile.

Alikuja nazo. Alipokwisha kuingia, Mwesiga alirudi kibarazani, mlango umefungwa, nyaya chini ya mlango. Cassian alikaa ndani ili mama asiwe peke yake na mashine. Kupitia hedfoni Mwesiga alisikia hatua zikienda, zikirudi.

"Hapa ndipo niliposimama," alisema Kokubanza. "Sivyo. Hapa. Yeye alikuwa pale nyuma. Cassian, ondoka pale, hapo pana mtu."

Cassian akasogea.

"Na shali niliitundika pale."

"Itundike, basi," alisema Cassian, ambaye hakujua lolote kuhusu shali.

Mwesiga alisikia sufi ikishuka juu ya maikrofoni ya pili, mlio kama wa mvua kubwa iliyokatika ghafla. Angeweza kusema. Sasa hapakuwa na binti wa kumwonea aibu wala kiitikio cha kuharibu, ila mkwe ni mkwe. Na mama alikuwa na haki: kama siku ile ilikuwa na shali, basi iwe na shali.

Aliimba akisikiliza sauti yake ya zamani kwenye sikio moja. Aliimba akivuta pumzi palepale alipovuta, akiburuza neno palepale alipoliburuza. Mahali ambapo siku ile aliteleza kidogo, akateleza. Kila alipomaliza alisema, "Bado, nimewahi," au, "Bado, nimechelewa," na kuanza upya. Mwanamke yule alikuwa ameacha jukwaa kwa sababu ya vita, ndoa na Kanisa, kwa mpangilio huo, na sasa alikuwa anaimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba ili asibaki. Cassian alieleza baadaye kwamba kila ilipofika zamu ya kiitikio aligeuza shingo kidogo, kama mtu anayesikiliza kama kuna mtu nyuma yake, kisha akaendelea.

Alipoondoka, Mwesiga alichagua ile iliyokaribia zaidi, akaipindua, akaicheza juu ya ile ya zamani.

Kokubanza hakufutika. Walikuwa Kokubanza wawili sasa, wakipishana kwa unywele, mmoja akimsahihisha mwenzake, na nyuma yao Benitha akiwa mbali kuliko mwanzo. Mzungu alikuwa amesema nakala ileile. Mwesiga alisikia inayofanana. Mwenye busara angeijua tofauti siku ya kwanza, lakini mwenye busara hakuwa amefiwa. Alijaribu kusogeza sauti ile kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa wiki nzima. Hakuna binadamu anayesema kesho mara mbili kwa namna moja.

Alichokipata alikipata kwa kuchoka. Aliirudia rekodi ya kwanza, tupu, bila kifaa chochote, akaisikiliza mpaka mwisho. Kabla ya ubeti wa mwisho Kokubanza alinyamaza ili avute pumzi. Benitha, ambaye siku zote alijisahau kwenye kiitikio, alikuwa hajaliachia neno. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili alikuwa peke yake kwenye maikrofoni ya mama yake. Halafu mama akaingia.

Mwesiga alikata kipande kile, akakiweka peke yake.

Alikwenda nacho Chonyonyo na Cassian, alasiri, kompyuta imefungwa kwenye mkoba wa kanisani. Walikaribishwa kwenye kiti cha nje, wakaletewa kahawa ya kutafuna. Kokubanza alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Hedfoni zilipitishwa chini ya pazia na mkono wa Cassian, na mkono mwingine ukazipokea.

Cassian ndiye aliyetakiwa kupeleka maneno. Mwesiga alipobonyeza, mzee alikuwa ameinama karibu na pazia, na kidogo kilichovuja kikamfikia. Akasimama. Akasema anakwenda kumtazama ng'ombe. Nyumba ile haikuwa na ng'ombe.

Wakabaki wawili, na hapakuwa na wa kumtuma.

"Mkwe," ilisema sauti nyuma ya pazia.

"Mama."

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mbona hasemi kitu?"

"Ni mwisho wa neno, mama."

"Kesho," alisema Kokubanza. Hakuwa anauliza. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unavuta pumzi."

Kuku alipita kati ya kiti na mlango, akasimama, akaondoka.

"Ningejua," alisema Kokubanza, "ningekohoa, nichelewe kuingia."

Mwesiga alisema jambo la ufundi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

"Naweza kuirefusha, mama. Kompyuta inaweza kuivuta ikawa ndefu unavyotaka."

"Itakuwa yeye?"

Alifikiri kusema ndiyo. "Hapana," alisema. "Itakuwa kompyuta."

"Basi iache. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Baada ya muda pazia likasogea kidogo na kutulia.

"Na ule wimbo mzima," alisema mama. "Ukinipunguza mimi, na yeye anapungua?"

"Ndiyo. Anapungua zaidi kuliko wewe."

"Na ukiniongeza?"

"Anaongezeka kidogo."

Nyuma ya pazia pete yake iligonga kwenye hedfoni, mara moja.

"Basi niongeze," alisema Kokubanza.

Mwesiga aliumaliza wimbo ule kinyume cha kila alichofundishwa. Yule mzungu mwenye upara angevua miwani. Ngoma zilizama, besi haikupumua, gitaa la solo lilibaki kama mtu anayepiga chumba cha pili. Juu ya vyote alisimama mwanamke mzee mwenye sauti kubwa kupita kiasi, akidai ndoa yake kwa mnunuzi wa kahawa. Mwesiga aliupeleka kwa mwenye duka la redio kule Omurushaka, ambaye aliusikiliza nusu, akauliza kama spika imeharibika.

Cassian aliusikia kibarazani Kamuli. Alisikiliza hadi mwisho, ametega sikio, vidole vikicheza juu ya goti.

"Prodyuza."

"Naam, mzee."

"Solo yangu iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi? Namsikia Kokubanza tu."

"Sikiliza nyuma yake."

Cassian akasogeza kiti, akainamia spika. Mwesiga akaanzisha wimbo upya na kumtazama usoni wakati wa kiitikio cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Nimesikiliza," alisema mzee. "Ni Kokubanza tu."

"Ndiyo, mzee," alisema Mwesiga, akampandisha tena kidogo.